Oili ya Cherehani kwenye Breki za Msambaza Mkate

Kumepambazuka, lakini jua bado halijapata nguvu. Kwenye kamba ya kuanikia nguo, nyuma ya nyumba ya vyumba viwili, nyaya mbili za breki zinaning'inia ndani ya maganda yake meusi, kati ya soksi za mtoto na shuka lililolowa umande. Juu ya kila ganda kimefungwa kifuko cha nailoni kwa uzi wa kushonea. Ndani ya kifuko mna oili kidogo. Chini kuna kopo la maziwa, nalo linapokea tone moja baada ya jingine.

Mwanamke aliyejitupia koti la mumewe mabegani anainama, anachovya kidole kwenye kopo, anakisugua na kukinusa.

"Imetoka safi," anasema. "Jana ilitoka nyeusi tii. Ikitoka nyeusi ujue ganda bado lina uchafu, unamimina tena. Haraka haraka haina baraka, na kwenye breki ndio kabisa."

Dirishani inatoka sauti ya mwanamume.

"Mama Watoto, huo waya unaufunga au unauogesha?"

"Nauogesha, Baba Watoto. Wewe umeoga?"

Mtaani wanamwita Mama Bana. Ni fundi baiskeli mwenye umri wa miaka thelathini na minane na watoto watatu, na jina hilo amelipata kwa sababu hamruhusu mteja kuondoka kabla hajabana breki mbele yake. Bana. Bana tena. Sasa bana kama umemwona mbwa. Wateja hucheka, lakini hubana.

Nyaya za leo si za mteja. Ni za mumewe, msambaza mkate, ambaye asubuhi hii anapanda baiskeli kwa mara ya kwanza tangu alipoanguka kwenye mteremko wa kiwanda cha mikate, miezi minane iliyopita. Kiwanda kimemshikia nafasi yake mpaka leo. Asipotokea, trei zake zinabaki kwa mtu aliyekuwa akimkaimu.

"Nimefunga breki za watu wengi nikalala usingizi mnono," anasema Mama Bana huku akizifungua nyaya kwenye kamba. "Hizi zimeninyima usingizi. Zikikataa, nitamlaumu fundi gani?"

Asubuhi ile ya ajali kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Msambaza mkate alikuwa ametoka kulala nyumbani siku tatu kwa homa. Alipakia mikate themanini kwenye sanduku la nyuma, akaaga wenzake, akaanza kuteremka. Breki ya mbele ilikuwa imekufa zamani, kama zilivyo breki nyingi za mbele mjini hapo. Alipofika kwenye kona yenye mtaro alibana breki ya nyuma, na baiskeli ikaendelea na safari zake.

Mikate ilitawanyika barabara nzima. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Watu walimtoa mtaroni, na alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichokiona ni waya wa breki ukining'inia, vipande viwili.

Waya huo alikuwa ameununua mwezi mmoja nyuma kwa kaka yake mkubwa, mwenye duka la vipuri chini ya mteremko huohuo.

Kaka mtu alikuja hospitali na chupa ya uji. Hajakaa hata kwenye kiti, mdogo wake akamwambia mbele ya ndugu wote waliokuwapo, "Waya wako nusura uniue. Umeniuzia uozo, mimi wa tumbo moja na wewe."

"Nimeuza waya huo kwa nusu ya mji," alijibu kaka. "Mbona umeoza kwako tu?"

Aliiweka chupa ya uji chini akaondoka. Tangu siku hiyo ndugu hao hawakusalimiana. Watoto wa huku walikatazwa kupita dukani, na wa kule wakaacha kuja kucheza. Shemeji yake Mama Bana, mtu aliyewahi kumbeba bi harusi wake mwenyewe kwa baiskeli, akawa hatajwi ndani ya nyumba.

"Watu husema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," anasema Mama Bana. "Mimi sina shamba. Nilichukua spana."

Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani. Alikuwa akishona sare za shule barazani kwake, na cherehani ilikuwa ya kwake, kairithi kwa mama yake mdogo. Ilikwenda na mguu. Vyuma, dawa, nauli za kliniki. Mwezi wa pili haukwisha cherehani ikabebwa na mnunuzi. Alichobaki nacho ni mkasi, mabonge ya pamba na kichupa cha oili chenye mdomo mrefu, ambacho mnunuzi alikisahau dirishani.

Baiskeli alianza kwa kulazimika. Kwenye kona ya mtaa kulikuwa na fundi aliyezoeleka kwa jina la Mzee Spoku, na macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Alikuwa akihangaika kupitisha waya kwenye tundu la mpini wa breki, waya unakwenda kushoto, tundu liko kulia. Mama Bana alikuwa akipita na ndoo ya maji. Akaitua ndoo, akaushika waya, akaulamba ncha kama uzi, akaupitisha mara ya kwanza.

"Usilambe waya, mwanangu," Mzee Spoku alimwambia. "Hujui umetoka wapi." Kisha akasogeza kigoda chake kumpa nafasi.

Leo anatengeneza baiskeli nne au tano kwa siku. Siku ya mvua hapati hata moja. Pesa yenyewe, anasema, inatosha unga, mboga na kliniki, na ikibaki inakwenda kwenye viatu vya shule. Wateja wake ni wauza maziwa, wabeba kuni, walimu, vibarua wa ujenzi. Hakuna anayekuja na fedha za kumwaga.

Kwa hiyo amejifunza kubana matumizi yao kabla hawajamwomba.

"Mtu breki ikiwa nzito anakuja mbio, 'Mama, nipe waya mpya.' Namwambia tulia. Kwanza tutazame ganda," anasema. Ganda ni lile bomba jembamba la plastiki ambayo waya hupita ndani yake. Likipinda, likipasuka ncha, au likijaa vumbi, hata waya wa dhahabu hautateleza. "Mara nyingi nakata ncha ya ganda iliyobonyea, nalisafisha kwa mafuta ya taa, narudisha waya uleule. Mteja anaondoka na hela yake mfukoni, ananiona mjinga. Lakini anarudi, na anamleta na jirani."

Waya wenyewe anaupima kwa pamba. Anauchomoa, anaupitisha polepole katikati ya bonge la pamba, kuanzia kichwani mpaka mwisho. Pamba ikishika hata unyuzi mmoja, pale pana uzi wa chuma uliokatika ambao jicho halijauona, na waya huo hafungi tena kwenye breki. Anautumia kufungia vikapu. Ujanja huo hakufundishwa na mtu. Ni wa cherehani. Ndivyo alivyokuwa akitafuta kasoro kwenye sindano kabla haijachana kitambaa cha watu.

Ukilazimika kununua, waya wa kawaida una bei ya mikate miwili, na ule usioshika kutu, bei ya mikate mitano. Kwa anayelaza baiskeli ndani, wa mikate miwili unamtosha, mradi upakwe oili. Anayelaza nje ajikaze anunue wa mitano. Kuna na wa bei ya mkate mmoja, na huo ndio unaomkasirisha.

"Ni waya wa gia, mwembamba. Watu wanafungiwa huo kwenye breki kwa sababu ni rahisi. Leo utashika, kesho utashika, keshokutwa unakuacha kwenye mataa. Rahisi ni ghali, baba. Mimi nikiukuta kwenye breki ya mtu naukata hapohapo, anune asinune."

Na oili? Anainua kile kichupa chenye mdomo mrefu. Oili ya cherehani ni nyepesi, inapenya na haigandi. Grisi ziachiwe gololi za gurudumuni. Kifuko cha nailoni, tundu dogo, usiku kucha kwenye kamba, na asubuhi oili imefika yenyewe mwisho wa ganda. Kichupa kimoja humfikisha miezi miwili.

Wiki mbili zilizopita ndipo alipoishusha baiskeli ya mumewe. Ilikuwa imetundikwa ukutani chumbani, imefunikwa gunia, tangu siku ilipoletwa kutoka mtaroni. Hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Daktari alikuwa ameshasema mguu umeunga vizuri, na kiwanda kimeshatuma ujumbe, lakini mwenye mguu alikuwa kila akitazama lile gunia anageukia ukuta wa pili.

Aliushika ule waya uliokuwa vipande viwili. Alikuwa ameuona mara nyingi bila kuutazama. Safari hii aliutazama kama fundi.

Waya ukikatika wenyewe huacha ndevu. Uzi mmoja hukatika leo, mwingine kesho, mpaka wa mwisho, na ncha inakuwa imechanua kama mswaki. Huu haukuwa na ndevu. Ulikuwa umekatwa bapa, nyuzi zote sawasawa, kama kwa koleo.

Akajaribu kuchomoa kipande kilichobaki ndani ya ganda. Hakikutoka. Akakishika kwa koleo, akakanyaga ganda kwa mguu, akavuta mpaka jasho likamtoka. Kilipotoka kilikuwa kimepakwa utando wa kahawia, mgumu, wa kunata. Akaunusa.

"Nikasema, hii harufu naijua. Hii nalala nayo kitanda kimoja miaka kumi na minne."

Alimwita mumewe, akamkalisha kwenye kigoda.

"Baba Watoto, siku ile ulipobana breki, mpini ulilegea au ulikuwa mgumu?"

Mumewe alishangaa. Katika miezi minane watu walikuwa wamemuuliza mwendo wake, homa yake, hata ndoto aliyoota. Hilo hakuulizwa.

"Mgumu," alisema. "Nilikuwa kama nabana jiwe."

"Waya ukikatika, mpini hulegea. Unaanguka mkononi kama ulimi wa kiatu. Huu waya ulikuwa mzima, ila ulikuwa umegandia ndani. Wewe ulikuwa unaupaka nini?"

Mumewe akamweleza. Kiwandani wasambazaji wote wana desturi moja: jioni, trei zikishapakwa mafuta ya kula ili mkate usishike, yanayobaki kwenye kopo hupakwa kwenye minyororo na nyaya za baiskeli. Ni ya bure, na yanang'aa. Kila mmoja hufanya hivyo, na aliyeanza hakumbukwi. Kumbe mafuta ya kula hukauka taratibu yakawa gundi, na hapo wao wanatembea kutwa na vumbi la unga mikononi. Baiskeli inayokwenda kila siku, waya hausimami, hivyo gundi haipati nafasi ya kushika. Yake ilikuwa imesimama siku tatu za homa, kwenye baridi.

"Na koleo?" mume aliuliza. "Nani alikata?"

Kwa hilo Mama Bana hakukisia. Alikwenda sokoni kwa msukuma mkokoteni aliyemtoa mumewe mtaroni siku ile, akamkuta anakula.

"Ni mimi, mama," alisema yule bwana bila wasiwasi. "Mguu wake ulikuwa umenaswa kwenye waya, ungekatika wote. Nikakata kwa koleo langu. Kwani kuna ubaya?"

"Hakuna ubaya. Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Mama Bana anasema alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani, watu wakimtazama, na alipofika mlangoni kicheko kikageuka kilio. Miezi minane. Uji ulioachwa chini hospitali. Watoto waliokatazwa kusalimiana na baba yao mkubwa. Yote kwa mafuta ya trei.

Mumewe hakucheka wala hakulia. Alilinusa lile ganda, akalirudisha mezani, akasema, "Kwa hiyo kaka yangu aliniuzia waya mzuri." Kisha akaingia chumbani akalala. Mke hakumsukuma. Anamjua: ni mtu wa kumeza neno polepole, na aibu ndiyo humkwama zaidi kuliko maumivu.

Ila nyaya mpya zilihitajika, za mbele na za nyuma, kwa sababu safari hii breki ya mbele nayo itafufuka. Na nyaya nzuri za mikate miwili katika mji huo zinauzwa duka moja. Mama Bana alijifunga kanga, akateremka.

"Shemeji," alisema mlangoni.

"Karibu, shemeji," alijibu mwenye duka, kisha akajishughulisha na rafu. Alimtolea nyaya sita achague. Mama Bana akatoa pamba, akaanza kuzipitisha moja moja. Shemeji akamtazama mpaka mwisho.

"Mguu wake vipi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Unaendelea vizuri, shemeji. Anatembea."

Hakumwambia la zaidi. Habari ya koleo alikuwa nayo mdomoni, inamwasha, lakini aliimeza. "Aliyetoa neno lile hospitali ni mume wangu," anasema. "Neno lile linarudishwa na mdomo uleule. Nikilirudisha mimi, wao watabaki kunishukuru mimi, na wenyewe hawatatazamana."

Sasa jua limepanda. Nyaya zimefungwa, ncha zimebanwa zisichanue, raba za breki zinalamba ukingo wa gurudumu zikiachia mara moja. Mume ametoka na shati la kazi alilopigiwa pasi jana. Anachechemea kidogo sana, wa kumwona ni mkewe tu.

"Bana," anasema mkewe.

Anabana.

"Bana tena. Sasa bana kama umemwona mbwa."

"Mbwa mwenyewe nimemwoa," anasema mume, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo wote wawili wanacheka.

Wanakokota baiskeli pamoja mpaka kiwandani. Wenzake wanampokea kwa makofi ya mgongoni na matani ya mikate iliyotawanyika. Kopo la mafuta ya trei liko palepale karibu na mlango. Analitazama, analisogeza kwa mguu nyuma ya pipa, anawaambia wenzake watakapomaliza kazi wapite kwa mkewe awaonyeshe kitu. Mikate themanini inaingia kwenye sanduku.

Mama Bana anasimama kwenye ukingo wa barabara, pale mteremko unapoanza na kuonekana wote mpaka chini. Mkono wake wa kulia umefumbwa, na vidole vinabana hewa.

Baiskeli inashuka. Inakaribia kona yenye mtaro, na pale inapunguza mwendo, taratibu, bila kupiga kelele, mpaka inaonekana kama inatembea. Inapita kona. Mama Bana anatokwa na machozi bila aibu yoyote.

"Imeshika," anasema. "Mmeona? Imeshika."

Baiskeli haiongezi mwendo. Inakwenda vivyo hivyo mpaka chini, mahali ambapo njia ya mikate inakata kushoto. Haikati. Inanyooka mpaka kwenye duka lenye mlango wa bati la buluu, na inasimama.

Kutoka juu huko hakusikiki neno. Anaonekana mtu akishuka, akisimamisha baiskeli, akivua kofia. Mwingine anatoka dukani akifuta mikono kwenye kitambaa. Yule wa kofia anasema kitu kirefu, uso chini. Wa kitambaa anageuka pembeni, anarudi, anainamia baiskeli. Anaubana mpini wa breki, anauachia, anaubana tena.

Walichosema kilikuja kujulikana baadaye, saa ya chakula cha mchana, mume aliporudi na sanduku tupu. Alikuwa amemwambia kaka yake, "Waya wako ulikuwa mzima. Mimi ndiye niliyeugandisha kwa mafuta ya mkate, nikakutukana mbele za watu. Nisamehe, kaka." Na kaka, baada ya kuijaribu breki, alimuuliza nani fundi wake.

"Mke wangu."

"Anajua kazi," alisema kaka. Kisha akanyoosha mkono kwenye sanduku. "Nilikuwa nachukua mikate miwili kila asubuhi. Miezi minane wanangu wanakula mkate wa duka jingine, na ni mgumu. Toa mikate yangu."

Mama Bana ana mipango. Anataka siku moja arudishe cherehani, si kwa kuacha baiskeli, bali aweke vyote viwili barazani, kwa maana oili ni ileile. Na shemeji ameshamtumia salamu kwamba ule upande wa duka uliojaa matairi mabovu anaweza kuufagia akaweka meza yake ya ufundi, wateja wa waya wasipande mlima kumtafuta. Mzee Spoku naye atasogezewa kigoda huko.

Lakini leo hataki kuzungumzia meza. Anaosha kopo la maziwa lililokuwa likipokea matone, analianika kwenye uzio, na kuwaita watoto wake watatu wavae viatu.

"Nendeni kwa baba yenu mkubwa," anawaambia. "Mkamsalimie. Mkikuta mkate, msile wote."